Kwanza Jina, Kisha Ushuru

Neno ushuru lina hesabu ndani yake. Limetoka kwenye Kiarabu, kwa ile sehemu moja ya kumi iliyochukuliwa na mtawala. Forodha nayo ni furdha, pale vyombo vinapoegesha. Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja unapata picha ya biashara yote ya mwambao: chombo kinatia nanga, mtu amesimama mchangani, anahesabu kumi na kuondoa moja. Ajabu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, pale Unguja, mgeni hakutozwa hiyo moja kwa kumi. Alitozwa nusu yake, asilimia 5, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa.

Nimeyashika mambo haya kwa sababu miaka kadhaa ya ujana wangu niliimalizia katika ofisi ya wakala wa forodha Mombasa, ghorofa ya pili, feni moja na makarani wanne. Watu hudhani kazi ya wakala ni kulipa kodi na kubembeleza maafisa. Kubembeleza kupo, sikatai. Lakini kazi yenyewe hasa ni kuvipa vitu majina. Mtu anakuletea karatasi za mzigo, nawe unatakiwa useme mbele ya serikali kwamba hiki ni kiatu, hiki ni sehemu ya kiatu, na hiki kinachofanana na kiatu ni mchezo wa mtoto. Jina likishakaa, kiwango cha ushuru hakina mjadala, kipo kitabuni. Vita vyote viko kwenye jina, na kwenye saa ambayo jina hilo linajulikana: je, ni kabla mzigo haujaondoka kule ulikotoka, au ni siku ambayo kontena tayari liko Kilindini na gharama zinahesabiwa kila jua likichwa?

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1828 mfanyabiashara Mmarekani aitwaye Edmund Roberts, mtu wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire, alikuwa Unguja na mzigo wake, akalalamika kwa Seyyid Said kwamba Wamarekani hawafanyiwi sawa na Waingereza. Hakuridhika na kulalamika tu. Alirudi kwao, akaishawishi serikali yake, na tarehe 21 Septemba 1833 alikuwa Maskati akitia saini mkataba kwa niaba ya Marekani. Waingereza walipata wao mwaka 1839, na Wafaransa 1844.

Ule mkataba wa 1833 ni mfupi, na ukiusoma kwa jicho la karani wa forodha utaupenda. Unasema meli ya Marekani italipa asilimia 5 ya mzigo ulioshushwa, basi. Hakuna ada ya nanga, hakuna ya rubani, hakuna ya kibali cha kufanya biashara. Halafu kuna kifungu ambacho mimi hukiona ndicho cha werevu zaidi: mzigo uliobaki melini bila kuuzwa, ukaondoka nao, hautozwi chochote. Yaani nahodha kule Salem angeweza kupiga hesabu yake kabla ya kupandisha tanga. Alijua kitakachomkuta. Hata vitu vilivyokatazwa vilitajwa: bunduki, baruti na risasi havikuuzwa Unguja kwa mtu yeyote ila serikali yenyewe. Kwa lugha ya siku hizi tungesema mwagizaji alipewa uamuzi wa mapema.

Ila karatasi ni karatasi, na forodha ni watu. Seyyid Said hakuwa na idara ya forodha. Alikuwa akiikodisha. Mfanyabiashara alimlipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, na yeye akabaki na haki ya kukusanya ushuru wote, kilichozidi chake. Kwa miaka mingi aliyeishika kazi hiyo alikuwa Jairam Shivji na nyumba yake ya biashara, Mabhatia wa Kutch. Baadaye akaja Taria Topan. Jairam alikusanya ushuru, alikopesha wafanyabiashara, alimkopesha Sultani mwenyewe, na pia alifanya biashara yake. Sijui leo tungemwita nani. Ofisa wa kodi, benki na mshindani wako dukani, wote ndani ya kanzu moja.

Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Alikuwa mtu wa Salem, na hakuja kukaa tu na bendera. Naye alikuwa mfanyabiashara. Wakaelewana sana na Jairam. Mali ya Kimarekani ikapitia mikononi mwa hao wawili, na wafanyabiashara wengine, Wamarekani wenzake na Waingereza, wakanung'unika kwamba mlango umefungwa. Kumbuka mkataba ulikuwa wazi kwa Mmarekani yeyote. Asilimia 5 ilikuwa ile ile kwa wote. Lakini kama mkusanyaji wa ushuru ndiye mshirika wa jirani yako, kujua kiwango hakukusaidii sana.

Asilimia 5 ilikuwa ya bidhaa za wageni kutoka baharini. Zile zilizotoka bara zilikuwa na sheria zake, na hapa ndipo swali la jina lilipoanza kuuma. Pembe ya ndovu iliyotoka Unyamwezi ilitozwa zaidi kuliko ile iliyoshuka kupitia upande wa Mombasa. Pembe ni pembe. Ukizilaza mbili juu ya jamvi, ukubwa mmoja, rangi moja, nani atakuambia ipi ilimezwa na njia ya Tabora na ipi ilipita Taita? Ilibidi mtu aseme, na mwingine aamini. Wataalamu wa leo huiita asili ya bidhaa, na bado ni chanzo kimoja kikubwa cha ugomvi mpakani, pale Busia na Namanga, mchele ukiulizwa umelimwa wapi.

Kuna jina jingine la wakati ule ambalo sote tunalijua: merikani. Ilikuwa pamba nyeupe isiyopaushwa, nzito, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na meli za Salem. Ilipendwa hata ikawa kama sarafu ya bara. Msafara haukuondoka Bagamoyo bila marobota yake. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakausha mzigo. Waingereza wakaleta yao, na baadaye viwanda vya Bombay vikaleta yao. Na watu je? Waliendelea kuiita merikani. Ikawa merikani ya Bombay. Sokoni halikuwa kosa, kwa kuwa jina lilikuwa limeshahama kutoka kwa mfumaji likakaa kwenye kitambaa. Karani wa forodha anayetakiwa kuandika nchi ya asili hana anasa hiyo.

Lakini nikiwa mkweli, chini ya kiwango kimoja jina halikuwa na uzito mkubwa. Kama kila kitu kinalipa asilimia 5, haijalishi umekiita shuka au tandiko. Ugomvi unabaki kwenye thamani. Ni pale viwango vinapotofautiana ndipo kila jina linapokuwa na bei yake, na sisi tofauti hiyo ililetwa na watu wenye mashamba.

Nitalipita upesi daraja la katikati. Mwaka 1887 Sultan Barghash aliwapa Mackinnon na wenzake haki ya kuendesha pwani yetu, pamoja na forodha zake, kwa miaka 50. Mwaka uliofuata kampuni yao ikapata hati ya kifalme. Wengi husoma habari hiyo kama hadithi ya bendera na ramani. Mimi huisoma kama hadithi ya daftari la forodha, kwani ndicho kitu cha kwanza chenye pesa walichokabidhiwa. Mkutano wa Brussels wa 1890 uliruhusu ushuru upande hadi asilimia 10. Kampuni ikashindwa, serikali ya Uingereza ikachukua mwaka 1895. Mwaka 1917 forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa, na kufikia 1927 Tanganyika ilikuwa ndani.

Sasa basi, walowezi. Katika miaka ya 1920 walitaka ngano yao, unga wao, siagi yao na mbao zao vilindwe dhidi ya vya ng'ambo, na serikali ya Nairobi ikawapa ushuru wa kulinda. Uganda na Tanganyika zilinung'unika kwa haki: mtu wa Mwanza alilipa zaidi kwa unga ili mkulima wa Njoro apate soko. Kwa karani wa Kilindini, mabadiliko yalikuwa ya aina nyingine. Kitabu cha ushuru kilinenepa. Ghafla ilikuwa muhimu kujua kama kilichomo kwenye gunia ni unga wa ngano au chakula cha mifugo, kama ubao huu umerandwa au haujarandwa. Kila ulinzi unaompa mtu mmoja unazaa maswali kumi kwa mwingine, na maswali hayo yanajibiwa na afisa aliyesimama kwenye gati akiwa na kalamu.

Wamarekani walikuwa wameshapita njia hiyo. Sheria yao ya ushuru ya 1883 ilitoza mboga asilimia 10, na matunda mabichi yakapita bure. Mwaka 1886 familia ya Nix, wauza mboga na matunda wa New York, walileta nyanya kutoka visiwa vya Karibi. Mkuu wa forodha wa bandari, Edward Hedden, akasema ni mboga, lipeni. Wakalipa, kisha wakashtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na uamuzi ukatoka mwaka 1893: kwa sayansi ya mimea nyanya ni tunda, lakini kwa lugha ya watu wa kawaida ni mboga, kwa sababu huliwa pamoja na chakula kikuu, haiji mwishoni kama kitindamlo. Nyumbani kwetu mama yangu angewashangaa wote wawili. Kwake nyanya si tunda wala si mboga, ni kiungo, inakaa na kitunguu na dania.

Kichekesho hicho kina mambo mawili mazito. La kwanza, mahakama ilichagua lugha ya sokoni badala ya lugha ya mtaalamu, na hilo likawa mfano kwa kesi nyingi baadaye. La pili, akina Nix walipata jibu miaka saba baada ya nyanya kuliwa.

Mwaka 2003 mahakama ya biashara ya kimataifa ya nchi hiyo hiyo iliulizwa kama vinyago vya X-Men ni wanasesere au ni vitu vya kuchezea tu. Mwanasesere maana yake ni sanamu ya binadamu, na alitozwa asilimia 12. Kitu cha kuchezea kisicho binadamu, 6.8. Basi kampuni ikasimama mbele ya jaji kudai kwamba mashujaa wake si binadamu. Ikashinda. Nilikisoma kisa hicho ofisini saa ya chakula cha mchana, nikawasomea wenzangu, tukacheka hadi mzee wetu akatoka kuuliza kuna nini.

Kwa nini karani wa Mombasa asome kesi za New York? Kwa sababu nambari ni zile zile. Tarehe 1 Januari 1988 ulianza kutumika mfumo mmoja wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa kutoka Brussels na shirika ambalo leo ni Shirika la Forodha Duniani. Sisi tunauita HS. Una makundi zaidi ya 5,000, na kila moja lina tarakimu sita ambazo nchi karibu zote za biashara zinazitumia. Baada ya sita, kila nchi inaongeza zake. Afrika Mashariki tunafika nane. Kwa hiyo idara ya forodha ya Marekani inapotoa uamuzi kuhusu bidhaa fulani na kuuweka mtandaoni, kama inavyofanya kwa maelfu, mtu aliye Changamwe anaweza kuusoma na kuuambatanisha na barua yake. Hauwabani maafisa wa hapa. Ila ni ushahidi kwamba mtu mwingine, aliyesomea kazi hiyo, alikitazama kitu hicho hicho akakiita hivi.

Jumuiya yetu ilivunjika 1977, na nchi tatu zikawa na vitabu vitatu. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini Arusha Machi 2004 na kuanza Januari 2005, kukawa tena na kitabu kimoja: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa vitu nusu tayari, 25 kwa vilivyokamilika, na orodha ya vitu nyeti vyenye ushuru wa juu zaidi, kama sukari 100, mchele 75, maziwa 60. Mwaka 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, 35. Unaona mwenyewe pengo lilivyo. Kati ya sifuri na ishirini na tano kuna faida yote ya mfanyabiashara mdogo.

Mitumba imo katika ile orodha nyeti. Nataka nikae hapa kidogo, maana hakuna bidhaa inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko nguo ambayo mtu mwingine ameshaivaa. Kichwa chake katika HS ni 63.09. Ili nguo iingie hapo, masharti ni mawili: iwe inaonyesha dalili za kuvaliwa kweli, na iwe imeletwa kwa wingi bila kupangwa, au katika marobota, magunia na vifungashio vya namna hiyo. Yasome tena masharti hayo. Shati lililovaliwa, likafuliwa, likapigwa pasi na kutundikwa kwenye hanga safi ndani ya kontena, linaanza kutoka nje ya jina mitumba. Na shati ambalo halijavaliwa kamwe, lebo ikining'inia, likibanwa ndani ya robota pamoja na mengine, nalo si mitumba, ingawa mnunuzi wa Gikomba atalifurahia kuliko yote.

Gikomba wana mfumo wao. Robota likifunguliwa, watu wamekaa mkao wa kula, kinachotoka juu ni kamera, yaani chaguo la kwanza, kile ambacho ni karibu kipya. Mwisho kabisa ni fagia. Bei ya kamera na ya fagia zimeachana mbali, japo zote zilipita bandarini chini ya nambari moja. Forodha haioni kamera. Inaona robota na uzito wake, kwa kuwa mitumba hutozwa kwa asilimia ya thamani au kwa kilo, lolote lililo kubwa. Mama anayenunua robota analinunua likiwa limefungwa. Yeye na serikali wote wawili wanalipia kitu ambacho hawajakiona, tofauti ni kwamba serikali haipati hasara.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya waliamua kuipunguza mitumba hadi iishe, ili viwanda vya nguo vifufuke, na kiwango cha kilo kikaongezwa maradufu, kutoka senti 20 za dola hadi senti 40. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao, kikitumia mpango wa AGOA kama rungu: mkizuia nguo zetu kuukuu, nanyi msituletee mpya bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa AGOA. Kutoka merikani ya 1833 hadi robota la 2018, kitambaa ndicho kinachoendelea kutugombanisha na Wamarekani. Ila safari hii ni sisi tuliokuwa tukiomba kuongeza kiwango, na wao wakisema mlango ubaki kama ulivyo.

Acha nieleze kisa kimoja cha ofisini, maana nambari peke yake hazisemi. Mama mmoja mwenye duka Nairobi alituletea karatasi za taa alizonunua Guangzhou. Taa yenyewe ilikuwa ya mkono. Ilikuwa na kibao cha sola mgongoni, tundu la kuchajia simu na redio ndogo ya FM. Kitu kizuri kwa kijiji kisicho na stima. Kwake yeye ilikuwa sola, na alishasikia kwamba vifaa vya sola vina msamaha. Mkaguzi aliiwasha, ikaimba, akasema hii ni redio yenye taa. Mzee wetu, aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu siku za fomu za nakala sita, aliigeuza mkononi akasema ni taa. Redio ni mapambo.

Hakuna aliyekuwa mjinga hapo, na sikuona aliyekuwa na nia mbaya. Kanuni za HS zenyewe zinakiri kwamba jambo hili lipo: kitu chenye sura zaidi ya moja huainishwa kwa ile sifa inayokifanya kiwe kilivyo. Haya, kitu hiki kinafanywa kiwe kilivyo na nini? Ukiondoa redio, mtu bado atakinunua. Ukiondoa taa, je? Tuliandika barua, tukaambatanisha picha, tukaeleza mwanga unakaa saa ngapi na betri ni ya nini. Barua ikapanda, ikajibiwa, ikaombewa maelezo zaidi. Mwishowe taa ikawa taa. Lakini siku za bure za bandarini zilikuwa zimeisha zamani, na storeji na demareji ya kontena vilikuwa vimekula sehemu kubwa ya alichokuwa akipigania.

Siku aliyokuja kulipa, hakupiga kelele. Aliweka pochi yake mezani, akamwambia mzee, "Baba, mimi sikatai kulipa. Si mngeniambia jina lake kabla sijatuma pesa kule?"

Mzee alimjibu kwa adabu kwamba hakuna aliyetuuliza.

Hilo ndilo linaloitwa uamuzi wa mapema, na lipo katika sheria. Mwagizaji anaiandikia forodha kabla ya mzigo kuja, anaeleza bidhaa, analeta sampuli ikibidi, anaomba aambiwe kwa maandishi itaainishwa wapi. Akishapewa, jibu hilo linambana afisa wa gatini kama linavyombana yeye. Wamarekani na Wazungu wamekuwa nalo kwa miaka mingi. Kwetu lilipata nguvu kupitia Mkataba wa Kuwezesha Biashara wa WTO, uliokubaliwa Bali mwaka 2013, Kenya ikauridhia mwishoni mwa 2015, ukaanza kazi duniani tarehe 22 Februari 2017. Kifungu chake cha 3 kinahusu jambo hili peke yake.

Na mawakala je, kwa nini hatuwaambii watu? Sababu moja ni aibu ya kitaaluma: wakala anayemshauri mteja aulize serikali anaonekana hajui kazi. Sababu nyingine ni hofu, kwa maana sheria yetu ya forodha inamchukulia wakala kama mwenye mzigo kwa karibu kila wajibu, na wakala mwoga hupenda kunyamaza, atumie nambari iliyopita mwezi uliopita. Ukiuliza, unaweza kujibiwa. Na ukijibiwa vibaya, huwezi tena kujifanya hukujua. Nimewasikia watu wazima, wenye leseni ukutani, wakisema hivyo bila kuona haya. Mimi naona ni ushauri mbaya, hasa kwa mtu anayeagiza kitu kile kile kila mwaka, lakini naelewa unakotoka.

Yule mama alirudi mwaka uliofuata na mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na taa moja, ya muundo mpya, hii ikiwa na feni. Tukaandika ombi. Jibu lilichukua muda, akalisubiri akiwa dukani kwake, si bandarini, na kusubiri dukani hakuna storeji.

Lakini yeye alikuwa na kontena lake mwenyewe. Wengi wa Nyamakima, Kamukunji na Eastleigh hawana. Wanachanga: huyu maboksi kumi ya vipuri, yule kumi na tano ya vyombo vya jikoni, mwingine mifuko ya vishikizo vya nywele, wote ndani ya kontena moja la mtu anayeitwa mkusanyaji wa mizigo, ambalo pengine huishia bandari kavu ya Embakasi. Mwaka 2018 masharti ya mizigo ya namna hiyo yalipokazwa, kwa madai ya bidhaa ghushi na kodi iliyokwepwa, wafanyabiashara wa Nyamakima waliandamana wakisema mali yao imekwama na madeni yanawala. Serikali ilikuwa na hoja. Bidhaa ghushi zipo, kila mtu anazijua. Nao walikuwa na hoja: boksi moja lenye shida lilizuia maboksi mia yasiyo na shida, kwa kuwa kontena ni moja na entri ni moja.

Na hapo ndipo uamuzi wa mapema unapowapita kando. Ombi huandikwa na mwagizaji, na katika karatasi za kontena la kuchanga mwagizaji ni mkusanyaji. Jina lake ndilo lililo kwenye hati ya meli, PIN ni yake, uamuzi ukitoka ni wake. Mwenye maboksi kumi ya vipuri anamlipa yeye kwa kilo au kwa kipimo cha ujazo, bei moja iliyojumlisha kila kitu, na ndani ya bei hiyo hawezi kujua ushuru ni kiasi gani wala bidhaa yake imeitwa nani. Wafanyabiashara waliompitia Jairam na Waters waliijua angalau asilimia 5. Huyu wa leo akiuliza, anaambiwa usijali, mzigo utafika.